Naomba ushauri: maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, X-ray haionyeshi kitu

Wakuu, naomba msaada kwa wenye uzoefu wa uti wa mgongo.

Mgonjwa ni mfugaji, miaka 52. Kiuno kinauma miezi mitatu, maumivu yanashuka mguu wa kushoto hadi dole gumba. Diklofenaki na sindano za vitamini B hazijasaidia. Diski (mto ulio kati ya pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo) iliyochomoza kwa kawaida hutulia mtu akilala. Haya yanamwamsha usiku, tena kuna jasho na uzito umepungua, ndiyo maana nawaza TB ya uti wa mgongo.

X-ray imeandikwa "kawaida", lakini X-ray huchelewa: mpaka mfupa uwe umeliwa sana ndipo ionyeshe. Makohozi hayana TB, nayo hayatoshi, kwani TB ya uti wa mgongo huweza kuwepo mapafu yakiwa salama. ESR (kipimo cha damu kinachoonyesha uchochezi mwilini) ni 90, iko juu sana. Anakunywa maziwa mabichi, kwa hiyo bruselosisi (maambukizi ya bakteria yatokayo kwa mifugo) nayo inawezekana. Saratani ya tezi dume iliyosambaa mifupani pia sijaiondoa, kipimo cha damu cha tezi dume (PSA) bado.

Ndugu wameshaelezwa: ganzi makalioni na sehemu za siri, mkojo kugoma au miguu yote kulegea, ni hospitali saa hiyohiyo. Na asikandwe wala kunyooshwa mgongo! Pingili iliyooza ikiporomoka inabana neva.

Ninachoomba: MRI (picha ya sumaku) ipige kiuno tu au mgongo mzima, maana TB huweza kushika pingili zisizopakana? Na kama kuna usaha, tuvute sampuli kwanza kabla ya dawa za TB? Nahofia tukianza dawa mapema, kuotesha vimelea maabara hakutatoa kitu.