Mrejesho: Kujifunza Kichina na historia ya China kwa filamu
Ndugu zangu, niliuliza namna ya kujifunza Kichina pamoja na historia ya China ya karne ya 20 kwa kutumia filamu, na sasa narudi kuwashukuru kwa dhati. Nilifuata ushauri wa kuanza na "To Live" ya Zhang Yimou (1994), nikirudia onyesho moja fupi lenye maandishi ya Kichina chini ya picha hadi nilielewe bila kulisimamisha. Njia hiyo imenifaa sana: sehemu ya mwaka 1958, ambapo vyuma vya majumbani vinakusanywa ili viyeyushwe na majirani wanakula katika jiko la pamoja, ilinifafanulia Hatua Kubwa Mbele, kampeni ya kiongozi wa China Mao Zedong ya kukuza viwanda na kilimo kwa haraka, kuliko kurasa nyingi nilizozisoma. Kuiga matamshi ya waigizaji, hata hivyo, hakujanisaidia vya kutosha. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, bado zinanipotea watu wanapozungumza haraka, na lafudhi nzito ya Beijing imenishinda, kwa hiyo matamshi sasa najifunza kwa mwalimu. Aliyesisitiza nisome historia kabla ya kutazama, ahsante sana. Vinginevyo nisingeelewa kwa nini, katika filamu hiyo, aliyeitwaa nyumba ya mhusika mkuu kwa kamari ndiye aliyeuawa kama mpinga mapinduzi baada ya Wakomunisti kushika madaraka mwaka 1949.