Mumbai: treni, teksi au bajaji?

Wadau mi nasoma Bangalore, wiki ijayo naenda Mumbai kutembea. Huku foleni ya makutano ya barabara ya Silk Board imenichosha, na dereva wa bajaji ukimwambia awashe mita anakuangalia kama umemtukana. Huko kuna unafuu?

— Mita wanawasha bila ugomvi mkuu. Ila bajaji haziingii kusini ya mji, zinaishia Bandra na Sion, kuanzia hapo ni teksi nyeusi-njano au treni.

— Panda treni, Churchgate mpaka Virar nauli ya kutupa, ila asubuhi watu wananing'inia milangoni na kama unashuka Dadar anza kujisogeza mapema la sivyo unapitilizwa

— Na usidandie behewa la wanawake kwa haraka zako, faini inakuhusu 😂