Tupeane uzoefu: cherehani yako ya kwanza ilikuwa ipi, na kwa nini?

BintiMshonaji: Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kujifunza ushonaji, natafuta cherehani ya kuanzia. Kazi zangu ni vitenge na sare za shule. Nichukue ya kukanyaga au ya umeme ya kiwandani? Mlionitangulia mlianzaje?

MamaNuru: Butterfly ya kukanyaga, mwanangu, na mpaka leo iko barazani. Umeme ukikatika mimi nashona, jirani anapiga miayo. Kwa vitenge haina neno. Tabu ni jinzi: pindo likishapandana nazungusha gurudumu kwa mkono. Ukikanyaga kinyume uzi unakatika, hadi mguu uzoee.

FundiWaMbagala: Sare za shule? Dada, chukua ya kiwandani. Natumia Juki DDL-8700. Inafika mishono 5,500 kwa dakika, kasi ambayo sina haja nayo, ya kujitoboa vidole tu. Muulize muuzaji kuhusu mota. Ya klachi ukishaiwasha inazunguka muda wote, hata ukiwa unakata kitambaa, na luku inakwenda. Servo inazunguka ukikanyaga tu, na kasi unaipunguza utakavyo. Kwa anayeanza hiyo ndiyo yenyewe. Ila ujue inapiga mshono ulionyooka tu. Zigizaga hakuna, matundu ya vifungo hakuna, kingo utapeleka kwa mwenye ovaloki. Sindano zake ni DB×1, shina la mviringo. Za cherehani ya nyumbani zina ubapa upande mmoja, haziingiliani.

Mtumba_Oyee: Yangu ilikuwa ya mtumba na sijutii. Nenda dukani na vipande vyako mwenyewe, kitenge na jinzi iliyokunjwa tabaka nne, usikubali kile kitambaa chao laini. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Likigoma mahali palepale kila mzunguko, aga uondoke. Ikiruka mishono hata kwa sindano mpya, pitisha kucha kwenye ncha ya shatoli, ile ndoano ya chini inayonasa uzi wa sindano. Ikiwa imemeguka, muuzaji apunguze kwenye bei gharama ya shatoli mpya.

BintiMshonaji: Asanteni sana. Naelekea kwenye Juki yenye servo. Shida chumba changu kiko ghorofani na ngazi ni nyembamba.

FundiWaMbagala: Kichwa kinachomoka, meza inapanda peke yake, ina urefu wa karibu sentimita 120. Mwaga kwanza mafuta yaliyo kwenye sinia chini ya kichwa, na usiiwashe kabla ya kuyajaza tena hadi alama.