NYUMBA YA DANI (NYANYA) 🏡: jino la Brayo

Shangazi Akinyi 18:42
Jamani, jino la Brayo ni Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, Milimani. Jina nimeandikisha. Nani anampeleka? Mara ile alimng'ata daktari, nikabaki mimi kuomba msamaha.

Uncle Odhis 18:44
😂😂 Anang'ata hivyo halafu mnasema meno yameoza?

Shangazi Akinyi 18:45
Odhis wacha mchezo. Hilo jego la nyuma si la maziwa. Huota mtoto akifika miaka 6 hivi, likitoka hakuna lingine. Bado linazibika, bora afungue mdomo.

Uncle Odhis 18:45
Mwonyesheni soda, atafungua

Shangazi Akinyi 18:46
Soda ndiyo ilitufikisha hapa.

Mama Brayo 19:31
Aki mimi siwezi kuingia. Akilia nalia. Nimemwambia ni kuhesabiwa meno tu, haitauma

Shangazi Akinyi 19:33
Na baba yake kila jioni ni "usipokula nitakupeleka udungwe sindano". Mmoja anadanganya, mwingine anatisha, halafu mnashangaa mtoto akiona koti jeupe anataka kuruka dirisha. Mwambieni ukweli kuanzia leo, kwa maneno madogo. Daktari atamwonyesha kioo kwanza, amguse nacho kwenye ukucha, ndiyo akiingize mdomoni. Akilia asichapwe. Lakini pia msimbebe mkarudi nyumbani, akishajua machozi yanamtoa kwenye kiti mtamweza? Anahitaji mtu mtulivu kando yake. NANI?

Shangazi Akinyi 20:15
Mmesoma wote. Naona.

Baba Brayo 20:40
Sisi tulichapwa na tukatulia. Hawa mnawadekeza. Na kwani lazima kila kitu kipangwe na Akinyi? Hata matanga ya mzee ulipanga wewe. Sufuria ziko wapi?

Shangazi Akinyi 20:41
Sufuria na jego wapi na wapi??

Uncle Odhis 20:42
Zote ziko na shimo 😂

Winnie 20:44
Si zile zilibaki Ahero?

Baba Brayo 20:44
Muulize Akinyi.

Dani 21:06
🎤 1:12

Winnie 21:11
Naandika ya Dani kwa wenye hawana bando: "Mzee aling'olewa meno sita ya chini, desturi ya wakati wao, na hakulia. Alikuwa mkubwa. Aliijua siku, alimjua anayemng'oa. Wewe Baba Brayo ulishikwa na wanaume watatu ukiwa mdogo, hakuna aliyekuambia kitu. Mpaka leo unatafuna upande mmoja na kwa daktari wa meno hukanyagi. Ulitulia wapi? Mtoto wako anakuona."

Baba Brayo 22:18
Nimesikia mama. Jumamosi gari iko gereji lakini nitajaribu.

Shangazi Akinyi 22:19
Utajaribu kumfikisha ama kuingia naye ndani?

Uncle Odhis 22:25
Mimi natuma 500 ya nauli

Shangazi Akinyi 22:26
Mtumie Mama Brayo, si mimi, kesho nisiulizwe kama sufuria. Baba Brayo, ndani ama nje?

Mama Brayo 22:40
Amelala na simu mkononi. Nitamuuliza asubuhi