Chemchemi ya maji matamu au mwamba wa Watamu: nimpeleke mtoto wapi Desemba?

Baba Maweni, Malindi
Asalaam aleikum jamaa. Shule zikifungwa nataka kumtoa mama watoto na kijana wetu wa miaka 11. Kijana ameona picha za Ginnie Springs kule Florida, Marekani, chemchemi ambayo maji yake hubaki nyuzi 22 mwaka mzima na ni maangavu hadi waogeleaji wanaonekana kama wananing'inia hewani. Tangu siku hiyo ananiuliza kama kwetu hakuna pahali kama pale. Bahari anaijua, amezaliwa ufuoni, lakini kutia miwani na kutazama maji yanavyotoka ardhini hajawahi, wala mimi sijawahi.

Nimefikiria pahali patatu: chemchemi za Mzima kule mbuga ya Tsavo Magharibi, Kikuletwa ya Moshi, Tanzania, ambayo wengi huiita Chemka, na tukikosa zote mbili, twende Watamu hapa karibu. Anatamani pia kujaribu mtungi wa hewa. Waliofika nipeni ukweli wenu.

Dereva wa Mbuga, Voi
Kaka, Mzima si pa kuogelea. Mle ndani mna viboko na mamba, na kuingia majini ni marufuku. Hata kutembea kando ya maji unakwenda na askari wa mbuga. Lakini mpitishe kijana, nakuomba. Kuna chumba kimejengwa chini ya maji, kina vioo, unasimama mle ukiwa mkavu na samaki wanapita mbele ya uso wako. Akiwa na bahati ataona kiboko akitembea chini kwa chini.

Na mweleze maji yale yanatoka wapi. Mvua inanyesha milima ya Chyulu, inazama kwenye mawe ya volkeno, inachujwa safari nzima chini ya ardhi, kisha inaibuka Mzima. Mengine yanaingia bombani hadi Mombasa. Yanayobaki yanashuka mto Tsavo, Tsavo unakutana na Athi, hapo jina linakuwa Galana, na Galana ndiyo Sabaki yenu hapo Malindi. Maji yanayoanza kama kioo yanafika kwenu na rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu Athi inabeba udongo wa mashamba ya bara. Kila nikivuka daraja la Sabaki huwa naumia.

Mama Rukia, Mombasa
Sisi tulikwenda Chemka mwaka jana na watoto wanne. Ni pazuri, wallahi. Maji ya buluu chini ya mikuyu mikubwa, mizizi inaingia majini, na kamba ya kujirusha ambayo watoto hawakutaka kuiacha. Watu husema ni maji moto, ila ni uvuguvugu tu. Ukivaa miwani unaona hadi chini, na samaki wadogo wanakuja kudonoa miguu. Lakini Baba Maweni, usimwahidi mtoto samaki wa rangi. Utamu wa pale ni maji yenyewe, mizizi, na mwanga unaopenya majani.

Njia ni ndefu. Malindi hadi Mombasa peke yake ni kilomita 120 hivi, kisha Voi, Taveta, mnavuka mpaka wa Tanzania pale Holili, mnapita Moshi hadi Boma Ng'ombe. Kutoka hapo ni barabara ya vumbi. Chukueni pasipoti za wote, na gari liwe na karatasi zake za mpakani. Msiende Jumamosi wala Jumapili, watu hujaa. Sisi tulifika Jumanne asubuhi tukawa karibu peke yetu. Mtungi sikuuona kwa mtu yeyote.

Mzamiaji wa Mida, Watamu
Hili la mtungi niachieni mimi, ndiyo kazi yangu.

Kwa mtoto wa miaka 11, mtungi wa kwanza avae baharini, pahali pa kina kifupi, na mwalimu wa kwake peke yake. Mashirika ya mafunzo kama PADI hupokea watoto kuanzia miaka 10, kwa hiyo umri si tatizo. Asiwe na mafua tu siku hiyo, maana masikio yatamtesa.

Maji matamu yana hesabu zake. Bahari hukubeba zaidi kwa ajili ya chumvi, hivyo kwenye maji matamu hupunguza risasi za mkandani, yaani vile vipande vizito vya kukusaidia kuzama. Mimi niliwahi kuzamia ziwani bara na risasi zangu za baharini. Aliyenikodisha vifaa hakuniuliza kitu, nami nilikuwa kijana, sikujua. Nilishuka kwa kasi hadi matopeni na niliogopa kweli. Tena kuanzia mita 300 juu ya usawa wa bahari jedwali za kuzamia, zinazoonyesha ukae chini muda gani, hubadilika, na Moshi iko juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo Chemka iwe ya miwani na snokeli, ule mrija wa kupumulia, basi.

La muhimu kuliko yote ni mpangilio. Nendeni Moshi kwanza, bahari iwe mwisho. Mkizamia Watamu kisha mkapanda gari kwenda bara siku ileile, ile gesi ya naitrojeni iliyoingia mwilini mkipumua mtungi inafanya mapovu mkipanda juu, na hapo ndipo watu huumia. Wanaosafiri kwa ndege huambiwa wasubiri muda wa saa 18 baada ya kuzama mara kadhaa. Mimi kwa mtoto ningengoja siku nzima, hata kwa gari.

Kuhusu Malindi na Watamu: hifadhi zote mbili za baharini ni za 1968, na zote zina matumbawe mazuri. Lakini mvua za vuli zikijaza Sabaki, kaskazi inasukuma tope kusini, moja kwa moja hadi ghuba ya Malindi. Watamu tuko mbali kidogo, tunapona. Tena Mida, mkono wa bahari ulio hapa Watamu, hakuna mto unaoingia, kuna maji matamu yanayovuja tu chini kwa chini. Mwambie kijana kwamba hapo nako pana chemchemi, ila haionekani.

Mwana wa Shela, Lamu
Na sisi Lamu msitusahau. Kisiwa cha Manda Toto mkienda kwa jahazi, maji yakiwa yametulia, mtafurahi. Chemchemi hatuna. Maji yetu matamu yamelala chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, tunayateka visimani, na ndiyo maana tunapigana mchanga ule usijengwe.

Baba Maweni, Malindi
Mmenifungua macho. Basi: Mzima njiani, tutazame kwa vioo. Chemka Jumanne. Tunarudi, tunapumzika, kisha Watamu. Mzamiaji, kwa ajili ya maji kujaa na kupwa, mwezi wa angani uwe wapi?

Mzamiaji wa Mida, Watamu
Angalia mwezi nusu, siku ya saba au ya nane tangu mwezi uandame, au ya ishirini na mbili. Hayo ni maji mafu, mkondo wa Mida unakuwa mpole. Wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, usimlete. Kwa snokeli njooni maji yakiwa yamekupwa, mwamba unavunja mawimbi, ndani panakuwa kama bwawa. Mvalishe fulana ya mikono mirefu, na mfundishe kabla hajashuka botini asikanyage matumbawe. Joto la bahari la 1998 liliyaua mengi, na yaliyorudi bado ni machanga.

Mama Rukia, Mombasa
Na Holili mwahi asubuhi, kabla mabasi hayajafika.