Bobari ya V inachana mbao na mistari myembamba inabanduka: kosa ni la mbao au makali?

patasi_butu
Wakuu, naomba msaada. Nachonga kibao cha kuchapia picha, sentimita 30 kwa 40, plaiwudi ya milimita 9 ya duka la kawaida la vifaa vya ujenzi. Mchoro una nyavu za wavuvi, kwa hiyo mistari ni mingi na mingine haifiki milimita 1. Bobari ya V ikifuata nyuzi za mbao inakwenda vizuri. Nikikingama tu, kingo zinachanika na vipande vya mstari vinaruka. Nimeinoa kwenye jiwe, dakika 5 kila upande, na sasa katikati ya ncha kumeota kijino kama ndoana. Seti yenyewe ni ya bei nafuu. Nitupe bobari au nibadilishe mbao?

nakshi_kinyume
Usitupe. Hicho kijino ndicho kinachochana.

Bobari ya V, au gauji kama wengine wanavyoiita, ni vifaa vitatu kwa pamoja: patasi mbili bapa, na pale zinapoungana chini kuna bobari ndogo sana ya mviringo. Chuma cha kwenye pembe hiyo ni kinene kuliko cha mabawa. Ukinoa mabawa peke yake, mabawa yanarudi nyuma na pembe inabaki mbele. Sasa ukisukuma, kijino kinazinyanyua nyuzi kutoka chini kabla bawa halijafika kuzikata juu. Kwenye mkingamo hapo lazima kingo zichanike.

Weka jiwe kando kwanza. Chukua kipande cha kioo na msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000. Simamisha bobari wima juu ya 1000, kama kalamu, usugue kidogo mpaka ncha yote iwe sawa na kijino kiishe. Ndiyo, unaiua makali makusudi. Igeuzie mwanga: utaona mstari mweupe unaong'aa ukingoni. Huo ndio ubutu wenyewe, na ndio utakaokuongoza.

Laza bawa moja, mshazari wake wote (uso wa nje ulioinama kuelekea makali) uguse msasa, kama digrii 20, kisha vuta kurudi nyuma tu. Ukisukuma mbele utakata karatasi. Tazama kila baada ya misuguo mitano. Mstari mweupe ukiwa mwembamba kama unywele, hamia bawa la pili. Dakika hazina maana hapa. Mabawa ya seti za bei nafuu mara nyingi hayalingani unene, moja litahitaji misuguo mingi kuliko jingine. Mstari ukibaki mnene sehemu moja, ongeza shinikizo la kidole hapo hapo.

Halafu pembe. Vuta huku ukizungusha kifundo cha mkono kutoka bawa moja kwenda la pili, kwa wepesi sana, misuguo minne mitano, uangalie. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukizidisha, badala ya kijino unapata pengo katikati, na pengo halina dawa ila kuanza upya kwa kusimamisha bobari wima.

Ndani, kunja msasa wa 2000 kwenye ukingo wa rula nyembamba, upitishe mara tatu ukiwa umelala kabisa. Unaondoa ule uzi wa chuma unaojikunja ndani wakati wa kunoa. Ukiinua mkono, unatengeneza mshazari wa ndani na bobari haitauma tena. Malizia kwenye ngozi iliyogundishwa ubaoni na kupakwa dawa ya kung'arishia chuma, mara 10 hadi 15 kila bawa. Baadaye, ukiwa unachonga, rudi kwenye ngozi kila nusu saa na msasa hutauhitaji kwa siku kadhaa.

Jaribu kwa kukata mkingamo kwenye kipande cha plaiwudi ile ile. Mfereji ung'ae. Ukiona mchirizi mweupe ndani yake, kuna pengo dogo kwenye makali.

mzee_wa_randa
Maelezo ya kunoa sina la kuongeza, ila kwa chuma laini cha seti hizo ningepandisha mshazari hadi digrii 25. Kwa 20 makali yatajikunja mapema.

Plaiwudi nayo haina usalama, hata ukiwa na wembe. Ile ya ujenzi mara nyingi tabaka la juu ni jembamba kuliko milimita 1, chini yake nyuzi zinakwenda upande mwingine, na katikati kuna mashimo. Bobari ikitoboa tabaka la kwanza inakutana na mkingamo bila taarifa, halafu gundi inakula makali. Gonga kwa kucha ubao mzima kabla ya kuchora. Panapolia mvungu, pangia eneo litakaloondolewa.

Wajapani wanaotumia plaiwudi wana ya mti wanaouita "shina", aina ya lindeni, laini na yenye nyuzi tulivu. Vibao vyao vya zamani vya mistari kama unywele ni vya mcheri wa mlimani. Kwetu, uliza wachonga vinyago kuhusu jakaranda. Hukatika vizuri, ila uwe umekauka sawasawa, la sivyo kibao kitajipinda. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, haina nyuzi, kwa hiyo haichaniki, lakini mstari chini ya milimita 1 unamomonyoka, inabutua makali haraka, na vumbi lake lina gundi ya formaldehaidi: vaa barakoa.

Kwa plaiwudi hiyo uliyonayo sasa, paka uso wake vanishi iliyozimuliwa sana kwa thina, iache ikauke hadi kesho, upige msasa 400. Nyuzi za juu zinashikana.

patasi_butu
Asanteni sana. Kijino kimeondoka. Mawili bado: kuna aliyeniambia nitumie mpingo kwa sababu ni mgumu, hautabanduka. Na hizo nyavu, nikate kwa V moja kwa moja?

nakshi_kinyume
Mpingo kwa bobari ya kusukuma kwa mkono utakuvunja makali bure. Mbao ngumu hivyo zina kazi yake: kuchonga kwenye uso wa gogo lililokatwa mkingamo, nyuzi zikikutazama, kwa kifaa kingine kabisa cha chuma, chenye ncha iliyochongoka. Thomas Bewick, mchonga picha wa Uingereza, alifanya hivyo kwa mbao ngumu ya mti uitwao boksi. Wewe unachonga upande wa ubao.

bi_kisu
Nyavu usizianze kwa V. Tumia kisu cha ncha ya mshazari. Mpini uinamie juu ya mstari unaoubakiza, ncha ielekee nje, ili mstari uwe mpana chini na mwembamba juu kama tuta la shamba. Wengi wanainamisha kinyume, wanachimba chini ya mstari, na ukipitisha rola ya wino au ukisugua karatasi, mstari unaondoka. Kina milimita 1 kinatosha. Kata ya pili iwe milimita 2 kando, umeinamisha upande mwingine; zikikutana chini, uzi wa mbao unatoka wenyewe. Geuza ubao, si mkono.

Katika kila jicho la wavu anza na pande zinazokingama nyuzi, ndipo ukate zinazofuata nyuzi. Ukianza na hizo za pili, ufa unapita mpaka jicho la jirani. Toa katikati kwa patasi nyembamba. Maeneo makubwa chimba milimita 2 hadi 3 kwa bobari ya U, la sivyo rola itagusa chini na chapa itakuwa na madoa.

Kabla ya yote, kipake kibao wino mweusi uliozimuliwa. Kila unapokata panakuwa peupe, unaona chapa yako kabla ya kuchapa, kinyume bila shaka.

Vipande vilivyoruka: ukiwa navyo, gundi nyeupe ya mbao, karatasi ya nailoni juu, uzito, masaa 12. Vilivyopotea, chimba kishimo chenye kuta safi, gundisha kibanzi cha mbao ile ile nyuzi zikielekea upande mmoja, sawazisha na uchonge upya.

mzee_wa_randa
Na kama uko pwani, futa makali kwa mafuta ya cherehani kila jioni. Si mafuta ya alizeti, yanaganda kama gundi. Siku ya pili yafute kabisa kabla ya kugusa kibao. Tone moja likiingia kwenye mbao, wino wa maji haushiki hapo.

patasi_butu
Wino wangu ni wa mafuta.

mzee_wa_randa
Basi tone halitakusumbua. Futa hivyo hivyo, vidole vyako vitachafua karatasi.