Windows 7 haiwaki baada ya betri ya ubao mama kuisha: ni diski au ni mipangilio ya BIOS?

Mgeni_wa_Mashine:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imetumika, yenye prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 4 na Windows 7 ya biti 64. Umeme ulikatika kwa muda mrefu, na uliporudi kompyuta iliandika kwamba tarehe na saa hazijawekwa, ikanitaka nibonyeze F1 ili niendelee. Nembo ya Windows hujitokeza kidogo, kisha skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B hupita haraka na mashine kujiwasha upya, na hali ni hiyo kila mara. Fundi aliyeitazama amesema diski imekufa na ninunue nyingine. Hata hivyo, nikiingia BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows) ninaiona diski hiyo, jina na ukubwa wake vikiwa sahihi. Je, mipangilio peke yake inaweza kuleta hali hii?

Bisibisi:
Pole sana, mkuu. Anza na betri ya ubao mama, ile bapa ya mviringo iliyoandikwa CR2032, ya volti 3. Chomoa waya wa umeme, itoe, weka mpya huku upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kisha ingia BIOS, rudisha mipangilio yote ya kiwandani, hifadhi na utoke.

Mzee_wa_Saketi:
Kuhusu betri nakubaliana na Bisibisi, lakini kurudisha mipangilio ya kiwandani hakutasaidia, kwa sababu betri ilipoisha BIOS ilikwisha kuirudisha yenyewe, na inaelekea hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kwenye bodi (ubao mama) nyingi za kipindi hicho, kidhibiti cha SATA, yaani sehemu inayoiunganisha diski, hutoka kiwandani kikiwa katika hali ya IDE, ile ya kizamani, ilhali aliyekuuzia huenda aliweka AHCI, ile mpya zaidi, kabla ya kusakinisha Windows. Windows 7 ina viendeshi (programu za kuwasiliana na vifaa) vya hali zote mbili, ila inaposakinishwa huacha kuwasha mapema kile ambacho haikukihitaji. Kwa hiyo ukibadilisha hali hiyo ghafla, Windows inaanza kuwaka, inafika mahali pa kusoma diski yake yenyewe, inakosa kiendeshi cha kuifikia, na inasimama kwa namba hiyo hiyo uliyoiona.

Diski iliyokufa kabisa isingejitambulisha kwa jina na ukubwa sahihi. Tafuta sehemu ya SATA katika BIOS, badilisha IDE kuwa AHCI, hifadhi, uwashe. Ukikuta tayari ni AHCI, jaribu IDE. Usiguse RAID (hali ya kuunganisha diski kadhaa), na usikubali mtu asakinishe Windows upya kabla ya kujaribu hili. Rekebisha na tarehe pia, maana ikiwa nyuma kwa miaka vivinjari vitakataa kurasa nyingi salama.

Mgeni_wa_Mashine:
Nashukuru sana. Nimeweka betri mpya na kuchagua AHCI, na Windows imefunguka na mafaili yangu yote yapo. Limebaki jambo moja: sasa inaniambia kwamba RAM inayoweza kutumika ni GB 3.25 tu kati ya 4, ambapo zamani ilikuwa ikitumia karibu yote.

Mzee_wa_Saketi:
Chanzo ni kile kile: mipangilio ya BIOS iliyojirudisha. Sehemu ya anwani zilizo chini ya GB 4 hutengwa kwa ajili ya vifaa kama kadi ya michoro, na RAM iliyoangukia hapo haionekani mpaka bodi iihamishie kwenye anwani za juu zaidi. Uhamisho huo una swichi yake ndani ya BIOS, mara nyingi katika ukurasa wa chipuseti (chipu kuu za bodi), na kwenye baadhi ya bodi hutoka kiwandani ukiwa umezimwa. Uwashe. Kwa kuwa Windows yako ni ya biti 64, itaiona RAM hiyo. Ya biti 32 isingenufaika.

Bisibisi:
Nimekuelewa, mzee. Niongeze tu kwamba bodi zenye chipuseti ya Intel 945 hazina uwezo wa kuhamisha RAM kwa namna hiyo, hivyo mwenye bodi ya aina hiyo asihangaike kuitafuta swichi. Kwa mwenzetu hapa najua ipo, kwa kuwa zamani mashine yake ilikuwa ikitumia karibu GB 4 zote.